Upepo wa nyota ni wa nini na huko juu hakuna hewa?

ghorofa_ya_tatu aliandika:

Assalam aleikum, na wengine hamjambo. Nna swali limenikaa kichwani tangu juzi, nmeona nililete hapa penye watu wanaojua.

Juzi usiku stima zilipotea mtaa mzima hapa kwetu Majengo, Mombasa, na joto hili la kaskazi mwalijua, ndani hakukaliki, basi mimi na binti yangu wa gredi ya sita tukachukua mkeka tukapanda juu ya nyumba. Ami yake ni baharia, safari hii alituachia darubini yake ya macho mawili, ile ya 10 kwa 50, tukawa twapokezana. Zile nyota tatu za Jabari, kwa Kizungu Orion, zilizojipanga mstari zilikuwa karibu utosini kabisa, na ubavuni mwake kuna vinyota vyengine vitatu vidogo, wasema ni upanga wake. Mtoto akaangalia muda mrefu halafu akasema, baba hii ya katikati si nyota, ina ukungu, kama mtu amepumua kwenye kioo. Nkachukua darubini nkatazama, kweli, kuna kiwingu cha kijivu hivi, na hakiendi kama mawingu yetu.

Stima ziliporudi tukatafuta kwenye simu, tukaona ni nebula ya Orion, yaani wingu la gesi na vumbi huko angani, na kutoka hapo tukafungua picha moja baada ya nyengine mpaka saa sita. Ndo tukafika kwa ile ya Rosette, duara kubwa la gesi nyekundu na katikati kuna shimo, na ndani ya shimo kuna nyota chache zimekaa peke yao kama wenye nyumba. Maelezo yasema nyota hizo ndo zimepuliza gesi kwa upepo wao mpaka shimo likapatikana. Binti akanigeukia, baba, upepo si hewa? Na si ulinambia huko juu hakuna hewa?

Sikuwa na jibu, na sikutaka kumpa la uongo, nkamwambia ntauliza. Kwa hivyo nauliza. Huo upepo ni wa kitu gani na nini chaupuliza? Mbona nyota hizo na si jua letu? Na kama nyota yapuliza pande zote sawasawa, mbona mawingu mengine yana maumbo ya ajabu, nguzo, mapovu yaliyokaa upande, si mviringo tu? Nielezeni kama mwamwelezea mtoto lakini msipunguze kitu, yeye jibu la nusu halimtoshi.

tuktuk_nyeupe alijibu:

Wa aleikum salam. Mimi nijuavyo hio ni lugha tu, wasema upepo lakini ni mwanga wa nyota ndo wasukuma ile gesi. Na hizo picha huwa zatiwa rangi kwenye kompyuta, kwa hivyo usimwambie mtoto ni nyekundu vile. Lakini ngoja waje wenye ilimu yao.

ticher_wa_kisauni alijibu:

Tuktuk umegusa kitu cha kweli hapo kwenye mwanga na ntakirudia, lakini upepo wenyewe si lugha. Upo, ni kitu, una uzito wake na umepimwa.

Baba, binti yako ameuliza swali ambalo nafundisha fizikia mwaka wa 14 sasa na sijaulizwa darasani hata mara moja, nakuomba umpe salamu zangu. Mwambie hivi. Upepo wetu hapa ni hewa iliyokuwepo tayari, inahama tu kutoka penye presha kubwa kwenda penye presha ndogo. Kule hakuna hewa ya kuhama, kwa hivyo nyota yajimwaga yenyewe. Upepo wa nyota ni mwili wa nyota, haidrojeni na heliamu nyingi, na chembe kidogo za kaboni, naitrojeni, oksijeni na chuma, joto limezibandua elektroni zake, zimeng'oka juu ya uso wa nyota na zaenda moja kwa moja hazirudi.

Jua letu nalo lapuliza, usimwambie halipulizi. Upepo wa jua waenda kama kilomita 400 kwa sekunde, yaani Mombasa mpaka Nairobi sekunde moja na kitu kidogo, na hivi tuandikavyo umetuzunguka. Na wenyewe umechimba povu lake kwenye gesi nyembamba iliyo baina ya nyota, sisi na sayari zote tumo ndani ya povu hilo. Chombo cha anga cha Voyager 1 kilitoka nje ya ukuta wake Agosti 2012, na Voyager 2 kikafuata Novemba 2018. Kwa hivyo hata sisi twaishi ndani ya shimo lililopulizwa na nyota, ila letu ni dogo na upepo wake ni mwembamba mno.

Sasa zile nyota kubwa. Chukua hio aliyoiona kwenye upanga wa Jabari. Ndani ya ule ukungu kuna nyota nne zimekaa pamoja, darubini yenu haiwezi kuzitenganisha, yataka ile ya kusimama kwa miguu mitatu, na iliyo kubwa kati yao yaitwa Theta1 Orionis C. Ni nzito kama jua letu mara zaidi ya 30, uso wake una joto la digrii kama 40,000 wakati uso wa jua hauzidi 6,000, na mwanga wake ni zaidi ya jua mara laki moja. Na sehemu kubwa ya mwanga huo macho hayauoni, ni ultravaioleti.

Hapa ndo Tuktuk alikuwa na haki. Kinachoupuliza huo upepo ni mwanga. Mwanga ukigonga kitu hukisukuma, kidogo sana, wewe ukisimama juani huhisi msukumo wowote. Lakini atomi ni kitu chepesi, na mwanga wa nyota ile ni mwingi kupita kiasi. Kila aina ya atomi ina rangi zake inazozimeza, chuma kina zake, kaboni ina zake, na nyingi zaangukia palepale kwenye ultravaioleti ambako nyota yamwaga mwanga wake. Atomi yameza, yasukumwa, yautoa tena upande wowote, yameza tena, yasukumwa tena. Hizo atomi nzito ni chache lakini zikikimbia zavuta haidrojeni na heliamu zote zilizo karibu nazo.

Na kuna jambo jengine, nlipolisoma mara ya kwanza nlifunga kitabu nkakaa kimya. Ungedhani atomi za chini zitaimaliza ile rangi yote na za juu zikose msukumo. Lakini atomi ikishapata kasi, rangi inazoziona hubadilika, kama honi ya lori linalokupita barabarani inavyobadilika sauti, basi yakuta mwanga ambao wenzake wa chini hawajaugusa. Yapata msukumo mpya, yaongeza kasi, yakuta mwanga mwengine mpya. Hivyo hivyo mpaka kilomita 2,000 au 3,000 kwa sekunde. Hesabu yake iliandikwa vizuri mwaka 1975 na Castor, Abbott na Klein na mpaka leo wanaanga hujenga juu yake.

Kiasi? Nyota kubwa ya kawaida yaweza kumwaga sehemu moja kwa milioni ya uzito wa jua kila mwaka. Uzito wa jua ni kama dunia 333,000, kwa hivyo fanyeni hesabu pamoja, ni kama kutupa dunia nzima, milima na bahari zake, kila miaka mitatu. Jua letu kwa kulinganisha halifiki hata sehemu moja kwa milioni kumi ya hio.

Shimo sasa. Upepo huo ukitoka wakuta gesi ambayo nyota yenyewe ilizaliwa ndani yake. Waigonga. Kitu cha kasi kikisimamishwa ghafla kasi yake hugeuka joto, shika breki za lori lililoteremka kutoka Mazeras utanielewa, na pale kasi ni kubwa hivi kwamba joto lafika mamilioni ya digrii. Gesi yenye joto hilo yataka kutanuka, na kutanuka kwake ndo kwasukuma ile gesi ya nje. Fikiria mama akifagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, mchanga haupotei, wajikusanya mbele ya ufagio kuwa tuta, na kila akienda mbele tuta lanenepa. Ukuta wa Rosette ni tuta hilo. Katikati pamebaki upepo mwembamba na nyota zilizofagia. Iko mbali kama miaka nuru 5,000 (mwaka nuru ni masafa ambayo mwanga wayakata kwa mwaka mzima), na upana wake wote ni zaidi ya miaka nuru 100, kwa hivyo hilo shimo si la kuingia na kutoka siku moja.

Kuhusu rangi, nyekundu ya haidrojeni ni ya kweli, gesi yatoa mwanga huo hasa. Jicho letu usiku halioni rangi penye mwanga hafifu ndo maana mliona kijivu. Kuna picha nyengine rangi hupangwa kuonyesha gesi ipi ni ipi, hapo Tuktuk yuko sawa.

nahodha_mstaafu alijibu:

Nimesoma yote mara mbili. Ticher, hapo uliposema ungedhani atomi za juu zitakosa mwanga kwa sababu za chini zimeuchukua, sisi wa jahazi twalijua hilo kwa mwili. Ukikaa demanini mwa jahazi jengine, tanga lako lalegea, lapigapiga, huendi. Upepo upo lakini mwenzako aliye joshini ameukinga. Lazima usogee kidogo utoke kwenye kivuli chake, na ukishatoka tanga lajaa mara moja mpaka foromali yalia. Nadhani ndo hivo, ile atomi kila ikiongeza kasi ni kama inatoka kivulini.

Ila mimi nna swali langu. Hizo nyota zote mwazizungumza kama zimetia nanga. Nyota nazo si zaenda? Na kama yaenda huku yapuliza, lile povu litabaki duara vipi? Chombo kikienda maji mbele ya omo hayawi kama maji ya nyuma.

ticher_wa_kisauni alijibu:

Shikamoo mzee. Huo mfano wa joshini na demanini nauchukua niende nao darasani Jumatatu, kwa ruhusa yako.

Na swali lako ndo jibu la swali la tatu la mwenye uzi. Nyota zaenda, na baadhi zaenda mbio. Iko moja yaitwa Zeta Ophiuchi, yaonekana kwa macho matupu bila chochote, ni nzito kama mara 20 ya jua. Wanaanga wanaona kwamba alikuwa na mwenzake, wakizungukana, mwenzake akaripuka na yeye akarushwa. Sasa yapita kwenye gesi kwa kilomita zaidi ya 20 kwa sekunde huku yapuliza, na mbele yake limejikunja wimbi la vumbi na gesi, sawasawa na wimbi la omo. Kwa macho wimbi halionekani, lakini darubini za miale ya infraredi zaliona wazi, upinde mrefu mbele ya nyota. Ukiangalia upinde umekaa upande gani wajua nyota yaelekea wapi, hata kama hukupima mwendo wake.

Jambo la pili ni gesi yenyewe haikutandazwa sawa. Kuna povu maarufu, NGC 7635, lenye upana wa miaka nuru kama saba, mwanaanga William Herschel alikiona kiwingu hicho mwaka 1787 bila kujua ni povu, na darubini ya angani ya Hubble ililipiga picha nzuri sana mwaka 2016. Nyota iliyolipuliza haiko katikati, imekaa upande. Sababu ni kwamba upande mmoja gesi ni nzito, upepo wagonga ukuta mapema, na upande mwengine ni nyepesi povu lakimbia mbali. Mpe binti kalamu ya biro iliyotolewa wino, apulize ndani ya maji ya sabuni karibu na ukingo wa beseni, ataona povu lavimba upande ulio wazi.

dada_wa_tudor alijibu:

Habari zenu. Nilisoma fizikia chuo na nebula ndo nlizoandikia mradi wangu wa mwisho, kwa hivyo naombeni nafasi kidogo kwa sababu kuna kitu naona kitapotea, na kwangu mimi ni kikubwa.

Ticher ameeleza vizuri lakini mtu akisoma haraka atadhani kila umbo ni kazi ya upepo. Hapana. Nyota hizi zina mikono miwili. Mmoja ni upepo, wa pili ni ile ultravaioleti ikifika moja kwa moja kwenye gesi ya mbali. Ikifika huko yang'oa elektroni, gesi yapanda joto mpaka digrii kama 10,000, yatanuka, yang'aa. Sehemu kubwa ya mng'aro tunaouona kwenye nebula ni kazi ya mkono huu wa pili.

Na zile nguzo alizotaja baba, za nebula ya Eagle, ambazo Hubble ilizipiga mwaka 1995 na darubini mpya ya angani, James Webb, ikazirudia mwaka 2022, kazi kubwa pale ni ya mwanga. Nendeni Mama Ngina bahari ikiwa imekupwa muangalie ile miamba ya matumbawe. Maji yamekula chini, yamekula pembeni, lakini kuna vipande vimesimama peke yake kama uyoga, kwa sababu pale jiwe ni gumu kuliko la jirani yake. Nlikuwa naenda pale na babangu nkiwa mdogo, kuna kipande kimoja twakaa juu yake tukala mihogo ya kukaanga, na kila nikiangalia picha ya nguzo zile nakiona kipande kile. Nguzo ni hivyo. Kichwani mwa kila nguzo kuna donge la gesi nzito, mwanga wa nyota kubwa za juu yake waila taratibu kama bahari, lakini gesi iliyo nyuma ya donge imekingwa, imekaa kivulini. Ndo maana nguzo zote zaelekeza vichwa kule kule zilipo zile nyota. Urefu wake ni miaka nuru minne mitano hivi, msizione ndogo kwenye simu.

Sasa swali ambalo watu walibishana nalo miaka mingi ni mkono upi wenye nguvu zaidi. Hesabu za mapovu ziliandikwa miaka ya sabini, Castor, McCray na Weaver mwaka 1975 halafu Weaver na wenzake mwaka 1977, na zilisema ndani ya povu kutakuwa na gesi ya mamilioni ya digrii inayotoa eksirei kali. Darubini za eksirei zilipokwenda juu zikaangalia, eksirei zikapatikana, lakini mara nyingi ni hafifu kuliko hesabu. Maana yake joto lavuja. Ukuta wa povu una matundu, una nyufa, gesi ya moto yatoroka kama hewa kwenye mpira uliotoboka, au yachanganyika na gesi baridi ya ukutani yapoa. Kwenye hio hio nebula ya Orion darubini ya XMM-Newton iliona gesi ya digrii kama milioni mbili imejaza upande mmoja wa wingu, kila mtu alikuwa ameitazama Orion kwa karne nyingi na hakuna aliyejua imo humo. Taarifa yake ilitoka mwaka 2008.

Na sasa ndo nafika nilipotaka kufika, kwa ajili ya yule binti. Kulikuwa na ndege ya Boeing 747 iliyokatwa dirisha ubavuni na kutiwa darubini, SOFIA, ya Marekani na Ujerumani, ikiruka juu ya mvuke wa maji wa dunia ili kuona miale ya infraredi ambayo huku chini haifiki. Iliacha kazi mwaka 2022. Watu wake walipima mwendo wa gesi kwenye Orion, kipande kwa kipande, na Januari 2019 wakatoa matokeo. Pale mbele ya nebula, upande wa kwetu, kuna ukuta wa gesi mkunjufu kama tanga lililojaa, una uzito wa zaidi ya majua elfu mbili, povu lake lina upana wa miaka nuru kama 13, na ukuta waja upande wetu kwa kilomita 13 kila sekunde. Mombasa mpaka Malindi sekunde tisa hivi. Anayeupuliza ni Theta1 Orionis C, nyota moja, kwa upepo wake. Na kwa kuisukuma gesi hio mbali, imezuia nyota mpya zisizaliwe pale karibu yake, kwa sababu nyota yataka gesi iliyotulia na kujibana, na yeye haachi chochote kitulie.

Kwa hivyo huyo mtoto alipoona ukungu kwenye kioo alikuwa anaangalia ndani ya povu, kupitia ukuta wake wa mbele, na alikuwa juu ya nyumba Majengo na darubini ya kuazima. Mwanga wenyewe ulitoka kule zaidi ya miaka 1,250 iliyopita, karne za mwanzo za Hijra. Tafadhali mwambie.

tuktuk_nyeupe alijibu:

Dada nimesoma nkasimamisha tuktuk pembeni nkamaliza. Kwa hivyo mimi na ticher sote tulikuwa na nusu. Lakini huo upepo ni mzito kiasi gani, mtu akisimama ndani yake watamuangusha?

dada_wa_tudor alijibu:

Hautamuangusha. Hewa hii tunayovuta, kipande cha ujazo wa sentimita moja tu kina molekuli kama bilioni 25 mara bilioni moja. Nebula ya Orion pale penye gesi nyingi kabisa, kipande kama hicho kina chembe elfu kumi hivi, na kwengineko mia chache tu. Upepo wenyewe ukishafika mbali na nyota ni mwembamba kuliko hata hapo. Kinachofanya kazi ni kasi, na muda. Theta ya Orion imepuliza povu lile kwa miaka kama laki mbili bila kupumzika.

ghorofa_ya_tatu alijibu:

Wallahi sikutarajia majibu kama haya, Mungu awalipe. Nimemsomea yote leo jioni baada ya maghribi, pale pa ndege iliyokatwa dirisha alinifanya nirudie. Tumefanya lile jaribio la biro na beseni, povu limeenda upande kama ticher alivosema, tumelowesha ukumbi.

Ana swali jengine, nalileta kama alivosema: ile nyota nyekundu begani mwa Jabari nayo ni kubwa, mbona haina wingu lake na povu lake?

ticher_wa_kisauni alijibu:

Hio ni Betelgeuse, na yapuliza, mwambie. Ila upepo wake ni wa namna nyengine. Ni nyota iliyozeeka ikavimba, uso wake umepoa mpaka digrii kama 3,500, ultravaioleti haina ya kutosha, kwa hivyo upepo wake ni mzito, wa polepole, kilomita 10 au 15 kwa sekunde tu, na una vumbi. Mwishoni mwa 2019 mpaka mwanzo wa 2020 ilififia hata mtu wa kawaida akaona, na sababu kubwa iliyoonekana ni wingu la vumbi ililotema likapita mbele yake. Gesi yake imeizunguka, lakini haina taa ya kuiwasha kama Theta.

Na zipo nyota zinazopita hatua zote mbili. Kwanza zapuliza polepole kama Betelgeuse, halafu zikishavua ngozi yote ya nje kiini cha moto kinabaki wazi na upepo mkali unaanza. Upepo wa pili waukimbilia wa kwanza na kuugonga kwa nyuma, kama malori yanavyofikiana Mariakani yakawa foleni moja. Nyota hizo zaitwa Wolf-Rayet. James Webb ilitoa picha ya moja mwaka 2023, WR 124, imeshatupa gesi ya uzito wa majua kama kumi na bado yaendelea. Atafute picha ya NGC 6888 pia, ataona mapigano yenyewe, nyuzi nyuzi. Maisha ya nyota hizi ni mafupi, miaka milioni chache, jua letu lapewa bilioni kumi.

nahodha_mstaafu alijibu:

Hio Zeta uliyoitaja ticher, yenye wimbi la omo, yaonekana lini kwetu? Nataka niione kabla sijakuwa mzee wa kutoka nje usiku.

ticher_wa_kisauni alijibu:

Mzee, katikati ya Julai saa tatu usiku itakuwa karibu utosini, imesogea kidogo tu upande wa kusini. Kusi yaleta mawingu lakini hupasuka. Tafuta kwanza ile nyekundu ya Nge, halafu panda kaskazini yake, ni nyota nyeupe ya kiasi, haiwaki sana. Nguzo za Eagle nazo ziko upande huo huo, mwezi mmoja baadaye, ila kwa darubini ya macho mawili mtu ataona fungu la nyota na ukungu mdogo tu, nguzo zenyewe hataziona.

nahodha_mstaafu alijibu:

Basi mwenye uzi, Julai mlete binti barazani kwangu Mji wa Kale, juu ya nyumba kwangu hakuna taa ya barabara inayopiga. Na darubini ya ami yake aje nayo, mimi yangu kioo kimoja kimeingia ukungu wa chumvi.

ghorofa_ya_tatu alijibu:

Tutakuja inshaallah. Amechukua kalenda ya jikoni amefungua Julai, ameandika Zeta kwenye kila Ijumaa, zote.